Kikombe Kisichokataliwa

Katika nyumba ya Bi Malak, pale Raskazone, mke alikuwa na ruhusa ya kukataa karibu kila kitu. Aliweza kukataa wali akasema ameshiba. Aliweza kukataa kwenda harusini akasingizia kichwa. Lakini kahawa ya alasiri haikukataliwa ila kwa sababu moja, na sababu hiyo kila mwanamke wa ukoo ule aliijua tangu hajavunja ungo: mimba changa haipatani na harufu ya kahawa. Mke akikisukuma kikombe, wenzake hutazamana, mmoja hucheka chini chini, na kabla ya magharibi habari imeshavuka barabara.

Shamsiya alikuwa na mwaka wa saba katika nyumba ile. Kikombe alikuwa amekisukuma mara moja tu, na alijuta.

Bi Malak, mama wa mumewe, hakumwachia mtu mwingine kazi ya kahawa. Alikaanga mwenyewe, akatwanga mwenyewe, akaitia tangawizi na iliki kwa kipimo cha kiganja chake, na dele lake la shaba lenye mdomo mrefu halikuguswa na mkono wa kukodi. Hata ile miaka ya shida, watu walipopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na sukari ikawa ya kunong'onezana, dele lile halikukauka. Watu wazima wa Tanga walikuwa bado wakilisimulia jambo hilo, naye akiwapo huinamisha macho kwa unyenyekevu, unyenyekevu wa mtu anayetaka msimulizi aendelee.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Ruksa ya kuagiza mali ilikuwa imekuja, maduka yamejaa vitu mpaka vibarazani, na Yaarub, mwanawe wa pekee, alikuwa na duka la vipuri vya magari huko Ngamiani. Kila mwezi alivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kufuata mali. Alipomchukua mkewe, watu walisema wanakwenda kutembea, Mashallah, miaka saba na bado wanatembea pamoja. Hakuna aliyejua kuwa Shamsiya alikuwa akienda kwa daktari mmoja Mzungu, akitiwa sindano za kupevusha mayai, kisha mbegu za mumewe zikapandikizwa kwa mrija mwembamba, halafu wakarudi Tanga kungoja siku kumi na nne. Walikuwa wameshangoja mara mbili, na mara zote mbili damu ilikuja.

Daktari alisema atajaribu mara tatu, baada ya hapo hana jipya la kuwapa. Safari ya tatu ilikuwa Jumamosi.

Na Bi Malak naye alikuwa na lake. Mdogo wake, Bi Mwatum, alikuwa ameteremka kutoka Wete, Pemba, siku tatu nyuma, akiwa na bakuli la halua na binti yake Samira, mwenye miaka ishirini na macho ya kutazama chini. Hakuna aliyesema Samira amekuja kwa ajili gani. Jambo lisilosemwa na mtu ndilo linalojulikana na wote, na Shamsiya alimtandikia binti yule kitanda kwa mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa mfungo mosi. Yaarub alikuja kwa chakula cha mchana, akala kimya, akasimama na kwenda chumbani kabla sahani hazijaondolewa. Shamsiya alimfuata. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi, akiizungusha.

"Funga mlango," alisema Yaarub.

Akaufunga.

"Mama kaniambia neno asubuhi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakusifu." Akaisimamisha kofia. "Kasema, 'Mkeo ndiye mnywaji wangu. Vikombe viwili kila alasiri, siku hizi harudishi hata kimoja. Basi usinipe matumaini, mwanangu. Tumbo lenye kitu halinywi kahawa.'"

Shamsiya aliegemea mlango. Alikuwa akiingoja siku hii kwa miezi, na sasa imefika.

"Ni kweli?" Yaarub aliuliza.

"Ni kweli."

"Hata mwezi wa Rajabu? Hata zile siku kumi na nne baada ya Mombasa?"

"Hata zile."

Yaarub alimtazama. Macho yale yalikuwa yamemtazama kwa namna nyingi ndani ya miaka saba. Yalimtazama kwa hamu, yalimtazama kwa mzaha, na usiku mmoja ndani ya basi la kutoka Mombasa yalimtazama kwa machozi ambayo mwenyewe alidai ni vumbi. Hayakuwahi kumtazama hivi.

"Daktari alikukataza, Shamsiya. Nilikusomea karatasi neno kwa neno. Mimi nilikuwa nakesha naswali, nahesabu siku kwa vidole, na wewe umekaa ukumbini na mama unakunywa."

"Ningemwambia nini?"

"Ungesema tumbo linakuuma."

"Nilisema. Hukuwepo, ulikwenda kufuata mali. Ule mwezi wa kwanza wa sindano, nilikisukuma kikombe, nikasema tumbo halijatulia. Kabla ya magharibi shangazi zako watatu walikuwa wamefika, mmoja na ubani, mmoja na ndizi za kupika. Mama alinishika uso hivi, kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Hakuwa ameniita hivyo kabla, wala hajaniita tena. Halafu ikanibidi niwaondolee ile furaha mmoja mmoja. Wiki nzima, Yaarub. Wewe uliporudi yote yalikuwa yamekwisha, ukaniuliza mbona nimekonda."

"Basi ungemwambia ukweli."

"Nani alinikataza? Ulisema mama akijua, ukoo mzima utajua. Ulisema watamwita mtoto wetu mtoto wa chupa mpaka azeeke. Uliniapisha, nami nikaapa. Sasa nichague: nimdanganye mama yako kuwa nina mimba, nivunje kiapo chako, au ninywe. Nikanywa. Kila funda nilipokuwa nameza nilikuwa namwomba Mungu anisamehe, na mama yako ananiuliza imekolea?"

Yaarub alisimama, akaenda dirishani. Upande wa pili wa ua, Kijakazi, mama mtu mzima aliyekuwa akisaidia jikoni tangu Yaarub yu mdogo, alikuwa akianika nguo.

"Mtoto wetu umemnywa, Shamsiya," alisema, bila kugeuka.

Yako maneno yakishatoka hayana wa kuyarudisha, na lile lilikuwa mojawapo. Shamsiya hakulia. Badala ya machozi ikaja hasira. Alikwenda kabatini, akainua kanga zilizokunjwa, akatoa karatasi iliyokuwa imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo.

"Nisomee tena."

"Nini?"

"Karatasi ya daktari. Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba, wewe ndiye msomi. Nisomee, pale penye kahawa."

Yaarub aliipokea. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji mistari michache.

"Umempa nani akusomee?"

"Nasima." Nasima alikuwa muuguzi, jirani wa nyumba ya tatu, naye ndiye aliyemdunga sindano zake kwa siri kila walipokuwa Tanga. "Juzi. Nilikwenda kwake nikilia, nikamwambia nimeua mtoto kwa kahawa. Akaniambia nipe hiyo karatasi. Akaisoma, kisha akaisoma tena, akaniuliza, 'Mumeo alikusomea nini?' Sasa na mimi nakuuliza. Ulinisomea nini?"

Yaarub aliikunja karatasi.

"Basi nitasema mimi, nimeikariri. Imeandikwa kahawa ipunguzwe. Ipunguzwe, haikuandikwa marufuku. Imeandikwa wataalamu wenyewe hawajakubaliana, wengine wameona inapunguza bahati ya kushika, wengine hawakuona kitu, na kwa hiyo ni bora kujihadhari. Imeandikwa kikombe kimoja kidogo kwa siku hakijathibitika kudhuru. Na imeandikwa nani apunguze, Yaarub?"

"Shamsiya..."

"Nani?"

"Wote wawili," alisema Yaarub. "Mume na mke."

Nje, Kijakazi alikuwa akipiga nguo kofi moja moja zinyooke. Walimsikiliza kama vile alikuwa na la kusema.

"Kila siku pale barazani mbele ya duka lako," alisema Shamsiya, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, "muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na wewe unakunywa. Vitatu, vinne. Narudi sokoni nakuona, unanipungia mkono na kikombe ndani yake."

"Biashara yote inasemwa pale. Mwanamume akikataa kahawa barazani wataulizana ana nini. Wataanza kuhesabu miaka yangu ya ndoa."

Alipokwisha kusema hivyo alijisikia mwenyewe. Shamsiya aliliona neno lile likimfikia, taratibu, usoni.

Yaarub akakaa tena kitandani. Ile kofia ilikuwa imeanguka chini, hakuiokota.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Daktari alipomaliza kueleza, sikusikia hata kitu kimoja tunachoweza kukishika. Labda hivi, labda vile, tutaona, Mungu akipenda. Nikaiona ile kahawa. Nikasema hapa pana kitu. Hiki tunakiweza. Tukikiacha kabisa, Mungu ataona tumejitahidi. Nilitaka kitu kiwe mikononi mwetu."

"Mikononi mwangu," alisema Shamsiya. "Hukukitia mikononi mwetu. Ulikitia mikononi mwangu peke yangu, ukaondoka."

Yaarub alinyoosha mkono, naye akasogea kando. Shamsiya alimpenda, hilo ndilo lililouma. Alimpenda tangu siku ya kwanza alipomwona kijana mrefu amesimama mlangoni kwa baba yake, ana jasho la woga mpaka kanzu imemganda mgongoni, na mapenzi yale hayakupungua kwa sindano wala kwa damu. Lakini kupenda ni kitu kimoja, na kubeba peke yako ni kitu kingine.

"Mama atasema la Samira leo," Yaarub alisema. "Baada ya alasiri. Ndiyo maana nilikuja mapema."

"Najua. Nimeona halua imefunguliwa."

"Nifanye nini?"

"Sijui utafanya nini," alisema Shamsiya. "Mimi ninajua nitakachofanya."

Adhana ya alasiri ikaanza. Alichukua udhu, akaswali peke yake, akavaa kanga safi.

Ukumbini, Bi Malak alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, dele mbele yake juu ya jiko dogo la makaa, vikombe vimepangwa kwenye sinia. Bi Mwatum alikuwa kuliani kwake, na Samira nyuma ya mama yake, mtandio umemfunika nusu ya uso. Yaarub aliingia akakaa karibu na mlango. Shamsiya aliamkia, akaitikiwa, akakaa.

"Halua hii ya Wete," alisema Bi Mwatum, akimsogezea Yaarub bakuli. "Kaipika Samira kwa mkono wake, n'lisimama mbali hata mwiko s'kugusa. Hebu onja, mwanangu, unambie."

Yaarub akaonja, akasema nzuri. Samira akainama zaidi.

Bi Malak akamimina. Harufu ilijaa chumba kizima, tangawizi na iliki na ile kahawa yenyewe, nyeusi, na Shamsiya alijua kuwa anaipenda. Hilo hakumwambia hata Nasima. Alikuwa anaipenda kahawa ya mkwewe, na ndani ya miaka saba pale ndipo mahali pekee walipokaa wawili bila kuulizana kitu.

Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mgeni, cha pili kwa Yaarub. Cha tatu Bi Malak alikinyoosha kwa Shamsiya, bila kumtazama, kwa mazoea.

Shamsiya aliweka kiganja chake juu ya ukingo wa sinia, akakirudisha kikombe taratibu kwa vidole viwili.

"Nisamehe, mama. Sinywi."

Kisha Bi Malak akainua uso, na Shamsiya akaona kile alichokuwa akikiogopa kuliko matusi yoyote. Uso wa mama yule, mkavu, mkali, uliozoea kuamuru, ulikuwa unafunguka.

"Mwanangu," alisema Bi Malak.

Bi Mwatum alikuwa ameshaweka mkono mdomoni, tayari kwa kigelegele. Na Shamsiya, haifai kuficha, alijaribiwa. Neno moja tu, wala si neno, kunyamaza tu kungetosha. Samira angefunga mizigo yake, angerudi Pemba na bakuli tupu. Ingepatikana miezi miwili ya amani. Na pengine Jumamosi ikakubali, na uongo ukawa kweli, na nani angejua?

"Si hilo, mama," alisema. "Sina mimba. Naomba usifurahi, kwa sababu sitaweza kukuondolea furaha mara ya pili."

Mkono wa Bi Mwatum ukashuka.

"Natibiwa," Shamsiya aliendelea. "Mombasa, mwaka mzima sasa. Sindano, na mambo mengine nitakueleza ukitaka. Mara mbili hazikushika. Jumamosi ni ya tatu, na ya mwisho. Daktari kasema kahawa ipunguzwe. Hana hakika kama inadhuru, lakini kasema tujihadhari. Nilikuwa nakunywa kwa sababu sikuweza kukataa, na nilikuwa nikinywa nalia ndani. Mara hii sitaki kikombe hata kimoja kiwe baina yangu na mtoto. Asipokuja, nataka nijue sikumzuia mimi."

Bi Malak alimgeukia mwanawe.

"Na wewe ulijua?"

Yaarub alikuwa na kikombe chake mkononi, kimejaa. Shamsiya hakumtazama. Alitazama mkeka. Alikuwa ameshasema lake, na lililobaki halikuwa lake kulisema.

Akasikia kikombe kikigusa sinia.

"Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme," alisema Yaarub. "Na karatasi haikusema yeye peke yake, mama. Ilisema sote wawili. Mimi nilimficha hilo. Nimekunywa kila siku barazani, nikamwachia yeye katazo. Leo, muda mfupi uliopita, nimemwambia neno ambalo Mungu peke yake ndiye atakayenisamehe, kwa sababu yeye simtazamii anisamehe." Alisogeza kile kikombe mbali, mbele ya mama yake na mama yake mdogo na binti aliyeletwa kwa ajili yake. "Na mimi sinywi."

Mwanamume kukataa kahawa ya mama yake lilikuwa jambo ambalo ukumbi ule haukuwa na desturi nalo. Bi Mwatum alitazama dari. Samira, kwa mara ya kwanza tangu afike, aliinua macho, na akamtazama Shamsiya, si kwa ubaya.

Makaa yalikuwa yanafifia chini ya dele.

"Kwa muda gani?" aliuliza Bi Malak.

"Mpaka ijulikane," alisema Shamsiya. "Na ikishika, tuangalie mbele."

"Na watu wakija hapa wakakuona hunywi?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua." Bi Malak akaita kuelekea jikoni, "Kijakazi, yale mahindi ya kuku yamebaki?"

"Yamebaki, bibi," sauti ilijibu.

"Yachambue kibaba. Uyakaange mpaka yawe meusi, ila yasiungue. Utatia tangawizi sana, kama tulivyokuwa tukifanya."

Bi Mwatum aligeuka. "Kama mlivyokuwa mkifanya lini?"

"Mwaka wa themanini na mbili, na wa themanini na tatu," alisema Bi Malak. Alikuwa anajitazama vidole. "Na nusu ya themanini na nne. Nyumba hii haikuwa na punje ya kahawa, Mwatum. Nilikuwa nakaanga mahindi na kokwa za tende, natwanga usiku watu wasisikie kinu, na asubuhi natembea kifua mbele. Watu wamekuja hapa, masharifu, mashekhe, wamekunywa mahindi, wakaniambia hakuna kahawa Tanga nzima kama ya Malak."

"Hawakujua?" aliuliza Yaarub.

"Walijua. Mtu aliyekunywa kahawa miaka arubaini utamdanganya kwa mahindi? Walijua wote, wakanisitiri. Hakuna aliyenyanyua hata nyusi." Aliinua macho kwa Shamsiya. "Na mimi mkwe wangu ananyweshwa nami mwaka mzima, analia ndani, na sikumwona."

Akalichukua dele, akaliinamisha, akamwaga kahawa yote kwenye jivu la jiko. Ilichemka kidogo, ikanyamaza.

"Sikilizeni," alisema, na ule ukali ukarudi, ingawa haukurudi wote. "Kuanzia leo dele hili lina mahindi. Atakayekuja atapewa mahindi, na atasema ni kahawa. Yaarub, utanywa hapa, barazani utasema mama yako kakukataza, nami nikiulizwa nitasema nimemkataza. Mwatum, wewe na Samira mtakaa mpaka ijulikane. Sisemi neno lile limekufa. Nina umri, na nina mtoto mmoja. Lakini halitasemwa ndani ya nyumba hii kabla ya Mombasa kusema."

"Mama," alianza Yaarub.

"Nimekwisha sema."

Walingoja. Harufu ya mahindi yanayokaangwa ilikuja polepole kutoka jikoni, kisha ya tangawizi, na sauti ya kinu, mchana kweupe, kila jirani akisikia. Yaarub alihama kutoka mlangoni, akaja kukaa mkekani upande wa mkewe. Hakumshika. Aliweka mkono wake karibu na wake, akauacha pale, na Shamsiya hakuusogelea, wala hakuukimbia.

Kijakazi akaleta. Bi Malak akamimina mwenyewe, na kikombe cha kwanza hakukipeleka kwa mgeni.

"Haya, mwanangu," alisema.

Shamsiya alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kichungu, kizito, na harufu ya moshi, na hata mtoto mdogo asingekidhania kahawa. Akanywa mpaka masimbi yaliyotuama chini.

"Imekolea?" aliuliza Bi Malak.

"Imekolea, mama," alisema Shamsiya, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.